Gofu Arua: Sema Kabla Hujagusa Mpira

Wachezaji wengi wapya, wakiwemo wanaotoka Kuluba na kupanda taksi kupitia Koboko hadi uwanja wa Arua, huamini kwamba kanuni za gofu zimetungwa ili kuwaadhibu. Sivyo. Tangu Januari 2019, R&A ya Scotland na USGA ya Marekani, zinazosimamia kanuni za gofu, zilipozirahisisha, kanuni hizo zinakupa nafuu nyingi ambazo huenda hujawahi kuzidai. Ninachosisitiza ni kimoja: mwenzako ajue unachotaka kufanya kabla hujakifanya.

Anza na mpira uliopotea. Umepiga kutoka tii, mpira umezama kwenye nyasi ndefu. Usitoe mwingine mfukoni kimyakimya. Sema, “Napiga mpira wa muda.” Kusema “napiga mwingine” hakutoshi. Ukikosea hapo, mpira wa kwanza umekwisha hata ukionekana baadaye mahali pazuri kabisa, na huo wa pili unahesabiwa kuwa mkwaju wako wa tatu. Ukishatangaza, piga, kisha nenda ukatafute. Muda ni dakika 3 tangu wewe au kedi wako, yaani mbeba fimbo zako, mnapoanza kutafuta. Zile 5 za zamani zilifutwa. Mkiusogeza kwa bahati mbaya wakati wa kuutafuta, urudisheni mahali pake. Hakuna adhabu.

Vichuguu navyo huleta ubishi, na West Nile si nchi ya kuvikosa. Mchezaji huona mpira umeegemea kichuguu, akauokota na kuuweka pembeni akidhani ni haki yake. Kikanuni, kilima kilichojengwa na wadudu ni sawa na jani au kijiti kilichoanguka: unaweza kukiondoa bila kuusogeza mpira, lakini hakikupi ruhusa ya kuuhamisha bure. Kichuguu kilichokauka hakiondoki kwa mkono. Kwa hiyo, kabla ya kuanza raundi, uliza kama klabu ina kanuni yake ya uwanja kuhusu vichuguu, kwa sababu kamati inaruhusiwa kuitunga. Jinja walifanya hivyo kuhusu kiboko: mpira ukitumbukia kwenye alama ya unyayo wake, mchezaji aliruhusiwa kuuondoa bila adhabu.

Pasipo kanuni kama hiyo, tangaza kwamba mpira hauchezeki, ongeza mkwaju mmoja, na mojawapo ya njia zako ni kuuangusha ndani ya urefu wa fimbo mbili, usikaribie shimo zaidi. Uangushe kutoka usawa wa goti, si bega. Lakini kukiwa na nyuki au nyoka mwenye sumu karibu na mpira, unapata nafuu ya bure. Hakuna anayekutaka uhatarishe maisha.

Mbuzi akiusukuma mpira uliokwisha kutulia, urudishe. Mpira ukimgonga ungali unakwenda, ucheze ulipoishia, isipokuwa kama uliupiga kutoka kwenye grini. Kwenye grini, bendera unaweza kuiacha shimoni. Mpira ukiigonga si kosa tena. Kwenye banka ruhusa imepanuka pia: jani au jiwe unaliondoa, ila fimbo isiguse mchanga mbele au nyuma ya mpira kabla hujapiga. Ukitoka, sawazisha mchanga kwa reki.

Kedi wako naye mweleze mapema. Haruhusiwi kusimama nyuma yako kwenye mstari wa mpira akikuelekeza wakati unajipanga. Ukipiga akiwa amesimama hapo kwa makusudi, adhabu ni mikwaju miwili, na unaibeba wewe.

Adabu iliyo juu ya zote ni usalama wa watu. Usipige kama waliotangulia bado mpira unaweza kuwafikia. Ukiona mpira unamwelekea mtu, piga kelele papo hapo: “Foo!” Wachezaji watainama na kufunika vichwa. Mpita njia anayekatiza uwanjani huenda hajawahi kulisikia neno hilo, basi mwonye kwa Kilugbara, Kikakwa au Kiswahili, kwa lugha yoyote atakayoielewa upesi.