Maji Ndani ya Glasi: Dhima ya Kileo katika Riwaya za Enzi ya Malkia Victoria

Mhakiki aghalabu hukipita kileo cha mhusika kama apitavyo viti vya sebuleni. Katika riwaya za Kiingereza za enzi ya Malkia Victoria (1837–1901), kufanya hivyo ni hasara. Humo pombe kali huchanganywa na maji, na mchanganyiko huo humweleza mhusika kabla hajafungua kinywa. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kuwa mfasiri anayeandika "pombe" tu amefuta sehemu ya kisa.

Tuanze na Charles Dickens. Katika Great Expectations (1860–1861), mgeni asiyejulikana anaketi katika baa ya kijijini na kukoroga rumu na maji, si kwa kijiko, bali kwa tupa. Pip, angali mtoto, anaitambua: ndiyo aliyomwibia shemeji yake Joe akampa mfungwa mtoro. Mgeni hasemi lolote juu yake. Ondoa maji, hakuna la kukorogwa. Pasipo kukoroga, tupa haina kisingizio cha kutoka mfukoni. Miaka mingi baadaye mfungwa yule, Magwitch, anamzuru Pip ambaye sasa ni muungwana wa London. Pip, akitamani aondoke, anamkaribisha kinywaji. Mzee anachagua rumu na maji. Pip anamchanganyia kwa maji moto, mkono ukikataa kutulia, na anapompa glasi anaona macho ya mgeni yamejaa machozi. Kinywaji ni kile kile cha baa ya kijijini. Aliyebadilika hadhi ni mkorogaji.

Wiski nayo? Katika miaka ya Dickens, wenye nacho wa Uingereza walipenda brandi. Wiski ilihusishwa zaidi na Uskoti na Ireland. Mtambo wa kukeneka pombe wa Aeneas Coffey, uliopata hataza mnamo 1830, ulirahisisha utengenezaji wake. Kisha, kuanzia miaka ya 1860, wadudu wa filoksera wakaangamiza mizabibu ya Ufaransa na brandi ikaadimika. Si ajabu basi kwamba katika The Sign of Four (1890) cha Arthur Conan Doyle, Athelney Jones, askari mpelelezi aliyekuwa akimbeza Sherlock Holmes, anaporudi amenywea hukaribishwa wiski na soda. Anakubali nusu glasi tu. Nafikiri nusu ile ndiyo masalia ya kiburi chake.

Hapa ndipo mfasiri wa Kenya hutegwa. "Soda" kwetu ni kinywaji kitamu cha chupa, ilhali ile ya Holmes ni maji yenye gesi yasiyo na sukari. Msomaji atamwona Jones akitiliwa Fanta! Nalo neno "mvinyo", lenye asili ya Kireno, kwa wengine ni pombe kali na kwa wengine ni divai. Ninapendekeza tuandike rumu, brandi, wiski, maji moto na maji yenye gesi, hata sentensi ikirefuka. Tukiandika "mvinyo na maji" kila mahali, Magwitch na Jones watakuwa wamenywea glasi moja.