ZAMU ZA SALA KAMBINI

Vijana na wanakwaya wa parokia nyingi hukaa kambini kwa siku chache. Husali, hujifunza na hula pamoja. Tuseme kambi kama hiyo imewekwa pwani ya Mtwara, upande wa Msimbati, karibu na mahali Mto Ruvuma unapoingia baharini. Wamekuja watu 40, wanaume kwa wanawake. Watakaa siku 4.

Tatizo

Mara nyingi kazi huwaangukia watu wale wale. Katekista huongoza sala zote. Kijana aliyemaliza shule husoma masomo yote. Kina mama huchota maji na kupika. Kengele ya sala ikilia, mama bado yuko kisimani. Je, mama huyo alikuja kambini kusali au kupika?

Kanisa linafundisha nini?

Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965) ulifundisha kwamba katika ibada kila mtu atimize sehemu yake, padre na mwamini. Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki walikutana Nairobi. Walikazia kujenga jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Katika jumuiya hizo majirani husali pamoja na kusaidiana. Kambi nayo inaweza kufuata njia hiyo.

Jinsi ya kugawana

Gawanyeni watu 40 katika vikundi 4 vya watu 10. Kila kikundi kiwe na wanaume na wanawake, wanaojua kusoma na wasiojua. Kisha pangeni zamu:

Siku ya 1: Kikundi A, sala na nyimbo. B, masomo na maombi. C, maji na kuni. D, chakula na usafi.
Siku ya 2: B, sala. C, masomo. D, maji. A, chakula.
Siku ya 3: C, sala. D, masomo. A, maji. B, chakula.
Siku ya 4: D, sala. A, masomo. B, maji. C, chakula.

Kila kikundi kimefanya kila kazi mara moja. Bandikeni zamu hizi mahali pa wazi. Anayejua kusoma amsomee asiyejua.

Maji yachotwe na chakula kiandaliwe kabla ya saa ya sala. Kengele ikilia, wote waende. Sufuria iliyo motoni ilindwe na mtu mmoja tu, naye abadilishwe kila siku.

Nani afanye nini?

Misa huadhimishwa na padre. Katika Misa, Injili husomwa na shemasi au padre. Lakini somo la kwanza, zaburi na maombi ya waamini vinaweza kusomwa na mwamini aliyejiandaa.

Rozari ina matendo matano. Basi wawepo viongozi watano, kila mmoja tendo lake. Asiyejua kusoma anaweza kuongoza: Baba Yetu mara 1, Salamu Maria mara 10, Atukuzwe Baba mara 1. Sala hizo anazijua kwa moyo.

Msomaji mpya

Wewe uliyejifunza kusoma ukubwani, usikatae zamu yako. Omba somo lako jana yake. Lisome kwa sauti mara tatu. Neno gumu muulize katekista. Penye nukta, pumua. Usikimbie. Watu wanataka kusikia neno. Hawatafuti mwendo wa haraka.

Majirani

Wengi wa majirani zetu wa pwani ni Waislamu. Kabla ya kambi, mwoneni mwenyekiti wa kijiji. Mwelezeni saa za ngoma na nyimbo. Wakati wa adhana, ngoma inyamaze.

Wahenga walisema: kidole kimoja hakivunji chawa. Zamu zikigawanywa vizuri, hakuna anayerudi nyumbani akiwa amepika tu, wala anayerudi akiwa amesikiliza tu.

Maswali

1. Kwa nini mama alichelewa sala?
2. Siku ya 3, kikundi gani kinachota maji?
3. Asiyejua kusoma anaweza kuongoza sala gani?
4. Watu 60 wakija, kila kikundi kitakuwa na watu wangapi?
5. Jadilianeni: katika jumuiya yenu, kazi gani hufanywa na watu wale wale? Andikeni zamu mpya.