Mijusi wa Majabali ya Usukuma

Katika nchi ya majabali ya matale iliyo kati ya Kolandoto na Mwanza, jua likisha kupanda huonekana juu ya mawe mjusi mwenye kichwa chekundu na kiwiliwili cha buluu, na karibu naye wengine wenye rangi ya udongo. Wengi hudhani kuwa hao ni wanyama mbalimbali. Mara nyingi ni jamaa moja: dume, majike yake na watoto.

Spishi zake

Mijusi hao ni wa jenasi iitwayo Agama, yenye spishi zaidi ya 40, zote za Afrika. Agama mwanzae, aliyeelezwa kitaalamu na Arthur Loveridge mwaka 1923, alipewa jina la Mwanza. Hupatikana pia Serengeti. Wekundu wa dume, ambao huweza kuelekea waridi, huteremka hadi mabegani na kifuani. Agama lionotus, aliyeelezwa na G. A. Boulenger mwaka 1896, ameenea zaidi katika Afrika Mashariki. Wekundu wake huishia shingoni, na mkia wake una mistari iliyouzunguka kama pete. Zamani alihesabiwa kuwa Agama agama, lakini uchunguzi wa chembe za urithi umeonyesha kuwa huyo ni wa Afrika ya Magharibi na ya Kati.

Kazi ya rangi

Dume hung'ara apatapo joto na awapo mtawala wa jabali lake. Usiku, au akishindwa na dume mwenziwe, hufifia. Kwa hiyo rangi peke yake haitoshi kutambulisha spishi.

Jabali na maisha yake

Mwamba humpa mjusi huyu joto la asubuhi, na nyufa zake humficha mwewe na nyoka wasimpate. Jike hutaga mayai katika udongo laini wenye unyevu. Chakula chao kikubwa ni wadudu, hasa sisimizi. Mjusi huyu hana sumu, na wanaomuua kwa hofu hiyo humwonea bure.

Hatari nyingine ni kupasuliwa kwa majabali ili kupata kokoto, maana jamaa nzima hupotewa na makao siku moja. Mti ukikatwa, mwingine hupandwa. Jabali likivunjwa halioti tena. Inafaa wapasuaji waache baadhi ya majabali yenye nyufa bila kuyagusa.