Kufundisha Msongamano wa Watu: Mfano wa Kisiwa cha Ukara

Somo la msongamano wa watu aghalabu huharibika pale mwalimu anapoanza kwa fasili. Wanafunzi huikariri, hugawanya idadi kwa eneo, wakapata jibu sahihi lisilowaambia kitu. Twapendekeza kuanza na mahali, nasi tumechagua Ukara, kisiwa cha Ziwa Viktoria kilichoko kaskazini ya Ukerewe, chenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 80.

Katika miaka ya 1960 kisiwa hicho kilikuwa na watu zaidi ya 200 kwa kila kilomita ya mraba. Yaani kila mtu hakufikiwa hata na nusu hekta, na humo yamo majabali. Watoke nje wanafunzi na kamba ya meta 10, wapime mraba wa meta 70 kwa 70. Wasimame ndani yake, kisha waulizwe: mtu ataishije hapa mwaka hata mwaka bila ardhi kuchoka?

Hapo ndipo somo lilipo. Udongo wa Ukara ni wa kichanga, utokanao na mawe ya matale, na mvua huuondolea rutuba upesi. Hata hivyo Wakara waliulima pasipo kuupumzisha. Ng'ombe walifungwa ndani ya nyumba, wakakatiwa majani, na samadi ikabebwa hadi shambani. Katikati ya uwele walipanda marejea, ambayo baada ya mavuno yalifukiwa yakawa mbolea. Mwalimu atoboe makopo mawili, moja atie mchanga mtupu, la pili mchanga uliochanganywa na samadi, amimine maji sawasawa. Wanafunzi waone wenyewe ni lipi linaloshika maji.

Mwalimu asiwaache wakidhani kwamba jasho lilitosha. Wakara wengi walihamia Ukerewe na bara kutafuta ardhi. Uhamaji huo nao ni sehemu ya jibu.

Neno moja la tahadhari. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichojaa abiria kupita kiasi, kilipinduka karibu na gati la Bwisya, Ukara, na watu zaidi ya 220 wakafa. Habari hiyo yafaa katika somo la usafiri wa visiwani. Lakini katika shule za kandokando ya ziwa, mwalimu aulize kwanza kwa walimu wenzake ni watoto gani waliofiwa, wala asiigeuze idadi hiyo kuwa hesabu ya ubaoni.