Boma la Akina Hana

Mdogo wangu mmoja wa Kisumu, mimba yake miezi minane sasa, kaniletea shauri kwa barua. Mumewe ni mtu wa Jinja, na huko ukweni wameshakata maneno: mtoto akiwa wa kiume ataitwa Hannington, jina la marehemu babu. Yeye halitaki. Anasema ni jina la ukoo la askofu wa Kizungu, halina maana, na kila anayelisikia humuuliza, "Hilo ndilo la kwanza au la mwisho?"

Sogea hapa, mdogo wangu. Nanyi wasomaji wengine sogeeni, najua wenye akina Washington na Livingstone majumbani mpo.

Maana linayo. Uingereza kuna vijiji vinavyoitwa Hannington, kimoja Hampshire, kingine Wiltshire, kingine Northamptonshire. Zamani mtu akihama aliitwa kwa alikotoka, kama sisi tunavyomwita mtu Mpemba hata akizeekea Mombasa, na mwisho likawa jina la ukoo. Hicho cha Hampshire kilitokana na mtu aitwaye Hana. Ile "-ing" ya katikati ni kama kusema akina, na "-ton" zamani ilikuwa "tun", makazi yaliyozungushiwa ua. Neno lake tunalo: boma. Boma la akina Hana. Usilisome Kiswahili tu, utadhani mtoto hana boma! Cha Wiltshire huenda kikawa kilima cha majogoo, maana "hana" kwa Kiingereza cha kale ni jogoo pia. Hata Livingstone wa watu mwishoni hana jiwe lolote. Ni boma lile lile, la mtu aliyeitwa Leving.

Lakini baba mkwe wako hakuitwa hivyo kwa ajili ya kijiji. Aliyelileta jina huku ni James Hannington, mzaliwa wa Sussex mwaka 1847, mtoto wa ukoo wa wafanyabiashara waliokuwa na duka kubwa Brighton tangu 1808. Mwaka 1884 akawekwa wakfu kuwa askofu wa Kianglikana wa upande wetu huu, na Julai 1885 akatoka Rabai kwa miguu kwenda Buganda, akikatiza Umasaini. Njia ndiyo iliyomponza. Buganda walimwogopa mgeni anayeingia kutoka mashariki, kupitia Busoga, na mwaka huo habari za Wajerumani kujitwalia nchi huku pwani zilikuwa zimewafikia. Kabaka Mwanga akatoa amri. Tarehe 29 Oktoba 1885 akauawa hapo Busoga, pamoja na wapagazi wake wengi. Hao wapagazi sijasikia mtoto akiitwa kwa jina la hata mmoja wao, na hilo huniuma.

Jina la askofu ndilo lililoshika. Waliokuja kubatizwa Uganda na magharibi mwa Kenya walilichukua jina la ukoo wakalifanya la kwanza, na leo nadhani utampata Hannington upesi zaidi Busoga kuliko Brighton. Hata Ziwa Bogoria liliwahi kuandikwa Ziwa Hannington. Ziwa limerudishiwa jina lake; watu wamebaki na lao.

Sasa shauri lenyewe. Kwenye barua yako umemtaja askofu mara nne na huyo mzee hata mara moja. Mama mkwe hapiganii askofu, dada, anampigania baba yake mumeo. Basi mpigie simu, si ya kubishana. Mwambie, "Mama, nieleze huyo mzee alikuwa mtu wa namna gani." Kisha nyamaza usikilize, hata salio likiisha. Ukimpenda mzee, jina utalizoea. Usipompenda, utakuwa na la kusema mbele ya wakwe, si hiyo hoja ya jina kukosa maana ambayo nimeshakuharibia.

Ukikubali, usikubali bure: jina la pili litoke kwenu. Na usihofie urefu wake, wenzake watalikata liwe Hani, ambalo kwa Kiarabu ni mwenye furaha.

Ila piga wiki hii. Ukishajifungua, atakayetangulia kumpakata ndiye atakayemwita.