Kujenga Juu ya Maji: Somo Kutoka New Orleans

Mwaka 2006, katika Maonesho ya Kimataifa ya Usanifu Majengo mjini Venice, Italia, banda la Marekani lilijikita katika jambo moja: namna ya kuujenga upya mji wa New Orleans baada ya gharika. Jina la maonesho hayo kwa Kiswahili ni "Baada ya Gharika: Kujenga Mahali pa Juu". Miongoni mwa kazi zilizooneshwa ni michoro ya makazi iliyotokana na shindano la jarida la Architectural Record na Chuo Kikuu cha Tulane, kilichopo New Orleans kwenyewe.

Kimbunga Katrina kiliipiga pwani hiyo tarehe 29 Agosti 2005. Hata hivyo, kilichouangamiza mji si upepo. Kuta na matuta ya kuzuia maji yalibomoka, na takriban asilimia 80 ya mji ikafunikwa. Kwa kuwa sehemu kubwa ya mji ipo chini ya usawa wa bahari, maji hayakuwa na pa kwenda. Yalitolewa kwa pampu, wiki baada ya wiki. Ajabu ni kwamba mtaa wa kale, French Quarter, ulisalimika kwa sehemu kubwa. Waanzilishi wa mji, mwaka 1718, walijenga juu ya kingo zilizoinuliwa na tope la Mto Mississippi. Ni katika karne ya 20 ambapo pampu zilikausha vinamasi, watu wakateremka bondeni, na ardhi iliyokaushwa ikazidi kudidimia.

Hapo ndipo maneno "mahali pa juu" yanapobeba maana mbili. Nyumba yaweza kuinuliwa juu ya nguzo palepale ilipokuwa. Mwenyewe atarejea kwake, lakini barabara, duka na shule vitabaki chini. Au watu wahamie kwenye mwinuko na kuishi kwa kubanana katika maghorofa. Watakuwa salama, ila mtaa wao utakufa. Michoro, hata iwe mizuri kiasi gani, haiwezi kuamua hilo.

Mji huo ulikuwa umekwisha kuonja uchungu wa uamuzi huo. Januari 2006, baada ya kamati ya meya kutoa mapendekezo yake, gazeti la Times-Picayune lilichapisha ramani yenye maduara ya kijani juu ya maeneo ambayo yangeweza kugeuzwa bustani. Wakazi wengi walikuwa bado wametawanyika katika miji mingine. Waliona nyumba walizorithi kwa wazazi wao zimefunikwa na duara. Hasira ilikuwa kubwa, na wazo hilo likaachwa. Kitaalamu halikuwa wazo la kipuuzi, maana mengi ya maeneo hayo yalikuwa bondeni kweli. Kosa ni kwamba ramani ilitangulia mazungumzo.

Nchini Tanzania mpaka wa namna hiyo umo katika sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Mto nao hula ukingo wake, hivyo umbali uliopimwa miaka kumi iliyopita huenda umepungua. Anayenunua kiwanja bondeni awaulize kwanza majirani wa siku nyingi maji yaliwahi kufika wapi, kisha aombe vipimo ofisi ya ardhi na mipango miji kabla ya kuchimba msingi.