Hama Kampuni ya Simu, Namba Yako Ibaki Ileile: Somo kwa Tulioko Uingereza

Mwenzetu mmoja alikuwa analipa paundi 22 kwa mwezi kwa laini ya simu tu. Akaona kifurushi cha paundi 8 dukani, akanunua. Ile laini ya zamani akaipigia simu ikatwe, kadi akaitupa. Jumapili jioni anataka kutuma ada ya mtoto Tanga, shule inafungua kesho yake. Programu ya kutumia hela ikamwambia: tumekutumia namba ya siri kwenye simu yako. Simu ipi? Ile aliyokwisha kuikata! Akajaribu benki, mambo yaleyale. Ilimchukua siku tisa za pasipoti na barua za makazi mpaka akafunguliwa, na ada ikabidi akope.

Kosa lake halikuwa kuhama. Kuhama ni jambo zuri: paundi 14 kwa mwezi ni paundi 168 kwa mwaka. Kosa ni kuiacha namba nyuma. Kwetu sisi tunaotuma hela, namba ya simu ni ufunguo. Benki wanayo, programu za kutuma hela zinayo, WhatsApp ya familia iko hapohapo. Na kuihamisha ni bure.

Hatua kwa hatua

1. Tafuta kwanza kampuni mpya na uchukue laini yao. Ya zamani usiiguse, na usipige simu kuikatisha. Itajikata yenyewe namba ikishahama.

2. Ukitumia laini ya zamani, andika neno PAC utume kwenda 65075. Huna haja ya kuongea na mtu wala kubembelezwa ubaki. Utaratibu huu upo tangu tarehe 1 Julai 2019, na makampuni yote ya simu za mkononi hapa yanaufuata. Ndani ya dakika moja unajibiwa.

3. Soma jibu lote. Ndani yake kuna msimbo wa PAC wenye herufi tatu na tarakimu sita. Pia utaambiwa kama unadaiwa kwa kuvunja mkataba kabla ya muda, au kama simu yenyewe hujamaliza kuilipia. Deni likiwa kubwa, subiri mkataba uishe. Usipoutumia msimbo, hakuna kinachobadilika.

4. Ukiridhika, wape kampuni mpya huo msimbo. Unadumu siku 30. Kwa kawaida namba inahama siku ya kazi inayofuata. Ukiutoa Ijumaa, tegemea Jumatatu.

5. Laini ya zamani ikizima, weka mpya, uzime simu na kuiwasha. Kisha ingia benki na kwenye programu yako ya kutuma hela, uhakikishe namba ya siri inafika.

Pa kuwa macho

Usichanganye PAC na STAC. STAC inatumwa 75075, na ni ya mtu anayetaka kuondoka na kuiacha namba yake. Majina yanakaribiana, lakini hasara yake umeshaisikia hapo juu.

Salio la laini ya kulipia kabla halihami. Litumie kwanza.

Usihame siku unayotaka kutuma hela. Tuma kwanza, kisha hama.

Msimbo wa PAC usimpe mtu yeyote isipokuwa kampuni unayohamia, hata akisema ni wa benki. Mwenye msimbo anaweza kuichukua namba yako, na namba za siri za benki zikaanza kuingia kwake. Ukipokea PAC ambayo hukuiomba, au simu ikakosa mtandao ghafla bila sababu, pigia kampuni yako ya simu na benki saa hiyohiyo.

Na laini ya nyumbani je?

Tanzania nayo iliruhusu kuhama na namba tangu Machi 2017. Lakini kuna tofauti kubwa: hela iliyomo kwenye akaunti ya simu haihami na namba, kwa sababu akaunti ile ni ya kampuni unayoiacha. Toa hela yote kwanza. Na kwa kuwa laini mpya inasajiliwa kwa alama za vidole, hiyo kazi iache mpaka uende likizo. Mama au kaka akihama huko nyumbani, mwambie akujulishe kabla hujatuma, maana namba itakuwa ileile lakini mtandao mwingine. Muulize kama ameshafungua akaunti mpya ya hela, na umchagulie kampuni sahihi kwenye programu.

Ukishahama salama, zile paundi 14 zisipotelee kwenye matumizi. Ziwekee malipo ya kila mwezi kwenda akaunti ya akiba, siku ileile uliyokuwa unakatwa bili ya zamani. Muhula ujao ada haitakukuta unakopa.